Moreshwar Chirmule na Kadi Zisizo na Ukurasa

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wetu, walimu na wafanyakazi wa Jumba la Kamusi, mimi ni Vasudha, mtoto wa kwanza wa marehemu, na karatasi hii ilipaswa kusomwa na mdogo wangu Anant, kwa sababu kwetu mtoto wa kiume ndiye anayewasha moto na ndiye anayesema, lakini Anant aliisoma jana jikoni, akaikunja, akanirudishia, akaniambia, "Dada, hii soma mwenyewe, mimi nitalia kabla sijafika nusu, halafu watu wataniona mtoto." Basi nasoma mimi, na atakayeona vibaya anisamehe, leo ni siku ya kumi na tatu na ya mwisho ya msiba, wali uko tayari, sitawaweka sana.

Marehemu Moreshwar Narhari Chirmule alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1938 katika mji wa Wai, kando ya mto Krishna, akiwa mtoto wa tatu wa Narhari Bhat Chirmule na wa kwanza kuishi, na babu huyo tunayemtaja alikuwa mghani wa maandiko matakatifu, mtu aliyeyabeba yote kichwani, ambaye nyumbani kwake hapakuwa na kitabu hata kimoja, si kwa umaskini, bali kwa sababu kwake yeye mtu anayechungulia kitabu ni mtu ambaye hajui anachosema. Sehemu kubwa ya aliyoyaghani babu ilikwisha kupigwa chapa na inauzwa madukani, lakini ilikuwapo sehemu nyingine aliyoipokea kwa mwalimu wake, na mwalimu kwa mwalimu wake, ambayo haikuwahi kuandikwa popote, na babu aliona sawa tu, maana kwake kuandika kulikuwa ni kuanza kusahau.

Marehemu alivishwa uzi mtakatifu, ule wa mvulana anayeanza kufundishwa maandiko, akiwa na umri wa miaka saba, mwezi Mei 1946, na tangu siku hiyo hadi mwaka 1956 aliketi kila asubuhi mbele ya babu katika chumba cha moto wa ibada, akifundishwa kughani kwa namna ya watu wetu, yaani maneno yanafungwa mawili mawili, la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, kisha la kwanza na la pili tena, mbele na nyuma, ili pasidondoke hata moja njiani. Naomba mlikumbuke jambo hili la kurudia rudia, nitalirudia mwenyewe huko mbele, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Masomo ya shule aliyafanya kwa kuchelewa, akafaulu mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa nje mwaka 1957, akapata shahada ya kwanza mjini Sangli mwaka 1961 na ya pili mwaka 1963, zote katika Kisanskriti, na wenzake wa darasani walisimulia kwamba katika chumba cha mtihani alikuwa anafumba macho, anatingisha kichwa, halafu anaandika ukurasa mzima bila kufuta.

Tarehe 1 Julai 1964 aliajiriwa katika Jumba la Kamusi hapa Satara, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Oktoba 1998, na kwa kweli hakustaafu, kwa sababu siku iliyofuata alivaa koti lake akaenda tena, akaendelea hivyo bila malipo kwa miaka kumi na minane. Kazi ya Jumba wengi wenu mnaijua kuliko mimi, ni kukusanya kila neno la Kisanskriti kutoka katika kila kitabu, kila neno kwenye kadi yake, juu neno lenyewe, katikati sentensi lilimotokea, chini jina la kitabu na ukurasa, kisha kadi zinapangwa kwenye droo kwa kufuata alfabeti, na baada ya hapo ndipo wahariri wanaanza kuchapisha, polepole, herufi kwa herufi. Marehemu alikabidhiwa mzizi wa kitenzi mmoja tu, nao uko katika herufi ya mwisho kabisa ya alfabeti, na siku alipokabidhiwa Jumba lilikuwa bado kwenye herufi ya kwanza, na leo, miaka hamsini na minne baadaye, Jumba liko kwenye herufi ya tatu. Nilipokuwa sekondari nilimfanyia hesabu, nikamwambia, "Baba, kwa mwendo huu zamu yako itafika baada ya miaka mia nne," akacheka, akasema, "Basi nina nafasi ya kutosha kuzikagua kadi zangu."

Mzizi wenyewe ni *hu*, sauti mbili tu, maana yake kumimina, na nawaomba radhi walimu mliomo humu kwa kulieleza jambo hili kwa lugha ya mwalimu wa kemia. Baba alitueleza tukiwa wadogo, tukila mkate wa mtama, kwamba mababu wa mababu zetu, kabla hawajafika kwenye mito hii, walikuwa na sauti moja ya kumimina kitu chochote, maji, maziwa, shaba iliyoyeyuka, na walipotawanyika kila kundi liliondoka na sauti hiyo, waliokwenda magharibi wakaendelea kumimina maji yao na shaba yao, sisi tukaacha kumimina chochote isipokuwa samli ndani ya moto, tukaifunga sauti ile katika chumba kimoja. Wataalamu wa kale walioorodhesha mizizi yote walipoufikia huu waliupa maana mbili kwa pamoja, kutoa na kula, na Baba akiwa na kijiko mkononi alituuliza anayekula ni nani, mimi nikasema moto, Anant akasema mimi, na Mama akacheka hadi akaweka sufuria chini.

Tena mzizi huu hauwezi kusimama peke yake ukasema jambo la leo, lazima ujirudie kwanza, hivyo "anamimina" si *hoti*, ni *juhoti*, kana kwamba aliyeusema mara ya kwanza alisita akaanza upya, na kutoka hapo yalitoka maumbo mengine, atamimina, alimimina, baada ya kumimina, kilichomiminwa, anayetamani kumimina, aliyeagizwa kumimina, mengine yameonekana mara elfu na mengine mara moja tu katika dunia nzima, na marehemu alikuwa na kadi 9,640 za maumbo hayo, zote kwa mwandiko wake, zote wino wa buluu.

Sasa nafika kwenye kosa, na nalisema hadharani kwa sababu nusu ya mliokaa hapa mmeshalisema pembeni. Kati ya kadi hizo 9,640 hapakuwa na hata moja yenye namba ya ukurasa. Marehemu hakuwahi kufungua kitabu. Alifumba macho, akaisikia sauti ya babu, akaandika sentensi, akataja andiko, na mahali pa ukurasa akapaacha wazi, kwa sababu alilelewa kuamini kwamba kufungua kitabu ni kukiri hujui, na mhariri mkuu wa wakati ule, marehemu Bwana Pendse, badala ya kumkemea, alisema, "Mwacheni huyo, yeye mwenyewe ndiye kitabu." Lilikuwa neno la sifa, likamharibia mtu maisha. Bwana Deodhar, rafiki yake wa meza ya pili, aliyekunywa naye chai miaka thelathini na minne na ambaye namwona pale nyuma, alikuwa akimtania, "Chirmule, ukifa leo kurasa zako ziko wapi?" na Baba anagusa kichwa, na Bwana Deodhar anasema, "Haya jamani, mtu asimpige kichwani."

Tarehe 12 Mei 1965 marehemu alifunga ndoa mjini Karad na Indumati, binti wa mkuu wa posta, mama yetu huyu aliyekaa hapa mbele, na wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1966 na Anant mwaka 1968. Mwaka 1976 Anant alivishwa uzi, na kila asubuhi Baba alimwita katika chumba cha moto, akafunga mlango, akaanza kumfundisha yale aliyofundishwa na babu, na mimi, nikiwa na miaka kumi, nilikaa kwenye sakafu nje ya mlango ule na kitabu cha hesabu mapajani, nikijifanya nasoma. Anant mwenyewe ataniruhusu niseme kwamba alikuwa anasinzia. Mimi sikusinzia. Mafunzo yalianza na maandiko yaliyomo vitabuni, yale ya babu yasiyoandikwa yalipaswa kuanza mwaka wa tano, na Baba alipomaliza kila asubuhi alimimina kijiko cha mwisho cha samli na kughani mstari mmoja wa kufungia, sauti juu, mpaka nje ukasikika.

Mwaka wa tano haukufika, kwa sababu mwaka 1980 Anant alifaulu kuingia shule ya bweni Pune, akaenda, na kile chumba kikawa cha mtu mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimfuata Baba akiosha kikombe cha shaba kisimani, nikamwambia, "Baba, nifundishe mimi," na hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu, alinitazama kwa upole akasema, "Mwanangu, haya hayafundishwi wasichana, halafu wewe ni wa kwenda nyumba ya watu." Ndugu zangu, sikwenda nyumba ya mtu yeyote. Nimefundisha kemia katika mji huu miaka thelathini na moja, nimelala katika nyumba ileile, na mlango ule nimeupita kila siku ya Mungu.

Mwaka 2015 Jumba lilipata mhariri mkuu mpya, Dakta Mrinal Kelkar, mwanamke, na Baba alimheshimu sana na kumwita "Bibi Mkubwa" ingawa angeweza kumzaa. Januari 2016 Dakta Mrinal alitangaza kwamba kadi zote zitaingizwa kwenye kompyuta kabla ya tarehe 31 Machi 2019, kwamba kadi isiyo na ukurasa haitaingizwa, na kwamba zisizoingizwa zitaondolewa, kwa sababu ghala linahitajika. Alikuja nyumbani mwenyewe kumwambia, akakaa, akanywa chai, akasema, "Bwana Chirmule, si kwamba sikuamini, ila mimi nikishakufa na wewe ukishakufa, atakayefungua kompyuta atamwamini nani?" Usiku huo Baba hakula, na kesho yake, akiwa na miaka sabini na saba, aliniomba kwa mara ya kwanza maishani nimletee kitabu.

Tukaanza, yeye anaghani, mimi natafuta. Mtu aliyejifunza kwa namna yake hawezi kurukia katikati ya andiko, lazima aanze mwanzo wa sura na kuteremka mpaka afike, hivyo kwa kadi moja tulikaa wakati mwingine saa nzima, yeye macho yamefungwa, mimi kidole kwenye mstari, naye akifika anainua mkono, nami naandika namba. Nasema bila aibu kwamba miezi ile ilikuwa mizuri kuliko yote niliyoishi na baba yangu. Mlango ulikuwa wazi, na nilikuwa ndani, ingawa nimeingia kama karani.

Mwishoni mwa 2016 alianza kurudia. Alighani neno la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza na la pili, kisha badala ya kusonga mbele akayashika yaleyale tena, mara nne, mara sita, na sisi, familia ya waghani, tulikaa tukitabasamu, Mama akanong'ona, "Msikilize, anaghani kama marehemu baba yake." Mwaka mzima tulimsikiliza mgonjwa tukadhani ni msomi. Familia nyingine yoyote ingempeleka hospitali kabla ya mwezi kuisha, sisi tulimletea maziwa ya moto ili koo lisikauke. Daktari alipompima Desemba 2017 alituambia ubongo umeanza kusinyaa zamani, akauliza mbona hatukuona, na Mama akamjibu, "Daktari, tuliona, tukafurahi."

Tangu hapo mzizi wake ulimpotea umbo kwa umbo, na nilikuwa nauandika mpangilio huo katika daftari, sijui kwa nini, pengine ndiyo kazi niliyoizoea. Kwanza yalikwenda yale maumbo ya nadra, yaliyoonekana mara moja tu duniani, halafu anayetamani kumimina, halafu alimimina, halafu ikaondoka atamimina, mnamo Aprili 2018, nikamuuliza kesho atafanya nini, akanitazama kama nimemuuliza kwa Kichina. Nilizitafuta kurasa zilizobaki peke yangu, kila baada ya kazi na kila likizo, na hadi kufikia Mei 2018 nilikuwa nimejaza kadi 9,328. Zilibaki kadi 312, na hizo nilizitafuta katika kila kitabu cha Jumba na katika maktaba za Pune, na hazikuwamo. Zilikuwa za babu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Ilisemwa Jumbani kwamba Chirmule alizitunga, kwamba kichwa kilikuwa kimeharibika tangu zamani, na kama kadi 312 ni za uongo basi hata zile nyingine zitazamwe upya. Ilisemwa na Bwana Deodhar, simfichi, na yeye hakunificha, alikuja mlangoni akaniambia, "Vasu, nimempenda baba yako kuliko kaka yangu, lakini sentensi isiyo na kitabu mimi siwezi kuitetea." Dakta Mrinal ndiye aliyetafuta njia, akapata kanuni ya zamani ya Jumba, kwamba kama yupo mtu hai anayeweza kughani maneno ya kadi kwa moyo, bila kuonyeshwa, kama alivyoyapokea kwa sikio na si kwa kuisoma kadi, mbele ya mashahidi wawili, jina lake litaandikwa mahali pa ukurasa. Duniani mtu huyo alikuwa mmoja.

Tarehe 14 Juni 2018 tulimvalisha nguo nyeupe, tukampaka majivu kwenye paji, tukampeleka Jumbani, na mashahidi walikuwa Dakta Mrinal na Bwana Deodhar. Walimtajia mwanzo wa kadi ya kwanza. Alifumba macho, akatingisha kichwa kwa namna yake, na uso wake ukawa ule wa zamani kabisa, nikasema moyoni, amefika, Mungu wangu, amefika, akafungua kinywa akasema, *juhoti*. Tukasubiri. Akasema, *juhoti*, anamimina, *juhoti*, anamimina, na mkono wake wa kulia ukawa unafanya tendo lenyewe hewani, kijiko hakipo, samli haipo, akaendelea robo saa nzima na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Bwana Deodhar aliandika kwenye fomu, "Hakuna," akavua miwani. Nikamwinua Baba, nikampeleka nyumbani, na njiani aliniuliza kama mtihani amefaulu, nikamwambia amefaulu.

Tangu Novemba hakusema tena hata hilo. Marehemu alifariki nyumbani tarehe 17 Januari 2019, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini, chanzo cha kifo kikiwa homa ya mapafu juu ya ugonjwa huo wa kusahau, na mwili wake ulichomwa siku hiyohiyo kule Mahuli, mito miwili inapokutana, Anant akiwasha moto.

Siku ya kumi tulikwenda tena Mahuli kumwekea matonge ya wali, na mnajua kunguru asipoyagusa maana yake marehemu ana jambo linalomkera, basi wafiwa wanaahidi kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka ndege aridhike. Kunguru walikuwa pale juu ya ukuta, watano, nimewahesabu. Anant aliahidi kumtunza Mama. Hawakushuka. Mama aliahidi hatauza nyumba. Hawakushuka. Jua likapanda, kuhani akaniangalia, Anant akanisukuma begani, "Dada, sema habari za kadi, ahidi tu," na sikusema, nilifunga kinywa, kwa sababu sikuwa na namna ya kuzitetea kadi zile na sikutaka neno la mwisho baba yangu analosikia kutoka kwangu liwe uongo kama ule wa mtihani. Mwishowe kuhani alisokota kunguru wa majani, akayagusa matonge kwa mkono wake mwenyewe, ibada ikaisha, na kunguru wa kweli wakaruka wakaenda zao.

Siku ya kumi na moja, juzi, nilizichukua zile kadi 312 nizifunge kwa kitambaa chekundu kabla hazijaondolewa, na kwa mara ya kwanza nikazipindua, kwa sababu siku zote nilikuwa natafuta ukurasa upande wa mbele. Nyuma hapakuwa na kitu, kadi baada ya kadi, isipokuwa moja. Ni kadi ya umbo *huta*, kilichomiminwa, na sentensi yake ni ule mstari wa kufungia, ule wa kijiko cha mwisho, ambao sikuuona katika kitabu chochote lakini siku zote nilidhani umo, ni macho yangu tu yalikuwa yamechoka. Nyuma, kwa mwandiko wake, tarehe 2 Machi 2016, wakati bado ana akili zake zote, ameandika maneno mawili, "Aulizwe Vasudha."

Kumbe alijua. Miaka minne nilikaa nje ya mlango ule nikijifanya nasoma hesabu, na alijua nipo, na alijua nasikia, na kila asubuhi alimaliza, akafungua, akapita mbele yangu na kikombe chake, akaniambia nisikae kwenye sakafu ya baridi.

Jana asubuhi nilikwenda Jumbani, nikasimama mbele ya Dakta Mrinal na Bwana Deodhar walewale, nikafumba macho, nikaghani mstari huo kwa sauti aliyoughania yeye, ambayo haimo kwenye kadi, mbele na nyuma, la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, na maana yake ni kwamba kilichomiminwa umekwisha kukila, ewe moto, kisichomiminwa usikidai kwa watoto. Bwana Deodhar alilinganisha na kadi, neno kwa neno, akasema, "Watu wawili hawawezi kutunga kitu kimoja kila mtu peke yake. Chirmule hakusema uongo," na akalia mbele yangu, mzee wa miaka themanini na moja, nami namshukuru kwa kuyasema na kwa kuja leo. Kisha akauliza, "Na nyingine, mwanangu?" Nikamwambia nyingine zilikuwa za mwaka wa tano.

Kwa hiyo kadi moja imeingia, na mahali pa ukurasa pana jina langu. Zimebaki 311. Dakta Mrinal anaamini kwamba nazo ni za kweli, Bwana Deodhar sasa anaamini, mimi naamini, lakini kuamini hakuandikwi kwenye kamusi, na jana hiyohiyo niliweka sahihi ya kuruhusu ziondolewe. Labda niliweka haraka mno. Watu wengi wamenifariji wakisema angalau moja imepona, na mimi nimewaitikia kwa heshima, lakini ndani sikupoa, kwa sababu kila nikiitazama hiyo moja naona namna zile 311 zingepona, hapakuhitajika kompyuta wala kurasa, palihitajika mtu anyooshe mkono avute mlango.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari aliyemtibu na manesi waliokuja nyumbani hadi mwisho, majirani mliotuletea wali na dengu siku kumi ambazo jiko letu halikuwashwa, Jumba la Kamusi kwa miaka hamsini ya chai na droo, Dakta Mrinal kwa kuitafuta ile kanuni, kuhani wetu kwa subira yake na kunguru wake wa majani, wanafunzi wangu mliobeba kuni, na mdogo wangu Anant kwa kunipa karatasi hii nisome.

Pumzika, Baba, na amani uikute huko ulikokwenda, huku haikubaki. Nilikuwa hapo nje ya mlango tu, ungeniita ningeingia.